Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Vipindi: nirudishieni kicheko changu

KWA: Mkurugenzi wa Vipindi
YAH: KICHEKO CHA SEKUNDE 11

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu, na ukipata nafasi rejea pia barua zangu tatu zilizotangulia kuhusu mnavyomchora yule kijana wa saluni katika kipindi chenu cha vichekesho, ambazo naamini zimehifadhiwa vizuri kwenye faili, maana sijaona dalili kwamba zimewahi kutolewa humo.

Ya kwanza mliijibu. Nakiri mapema nisije nikaonekana mwizi wa fadhila. Mistari minne: mlinishukuru kwa kuwa mtazamaji wenu mwaminifu, mkasema maoni yangu yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Ya pili ilijibiwa kwa simu na katibu wako, dada mwenye sauti ya upole sana, akaniambia mchakato unaendelea. Ya tatu haikujibiwa kabisa, lakini siku mliyotualika watazamaji kutoa maoni ulisimama wewe mwenyewe, mimi nikiwa nimeketi nyuma karibu na mlango, ukasema kwa kinywa chako kwamba msimu ujao yule mhusika wa saluni "atabadilika". Watu walipiga makofi. Nami nilipiga.

Kweli, alibadilika. Alinunuliwa mkoba.

Nilinyamaza msimu mzima baada ya hapo. Nilijiambia labda mnaanza na mkoba halafu mengine yatafuata. Jumamosi iliyopita uvumilivu ukaniishia, na ndiyo sababu leo naandika hadharani, jambo ambalo kwa umri wangu na malezi yangu sikulitaka.

Ngoja nikukumbushe sehemu yenyewe, maana huenda hukitazami kipindi chako. Yule wa saluni (nitaendelea kumwita hivyo kwa sababu misimu minne imepita na hamjampa jina, hata mbwa wa mwenye nyumba katika kipindi hicho ana jina) anaingia kituo cha polisi. Jicho moja limevimba. Shati limechanika begani. Anasema amepigwa na majirani. Askari anamtazama toka miguuni hadi kichwani, anachukua kalamu, anauliza: "Niandike bwana au bibi?" Kicheko. Sawa. Hapo pana mzaha. Mbovu, lakini upo, nauona. Kijana anajaribu kujibu, sauti inamkatika, anaanza kulia. Na kicheko kinaendelea. Kinaendelea kwa sekunde 11. Nilihesabu, maana kuhesabu sekunde ndiyo kazi niliyoifanya miaka 27.

Katika sekunde hizo hakuna neno linalosemwa. Hakuna anayeteleza, hakuna anayemwagiwa maji, hakuna anayekunja uso kwa kuchekesha. Kuna mtu aliyepigwa, analia. Nakuomba, Ndugu Mkurugenzi, unionyeshe mzaha uko kwenye sekunde ya ngapi.

Sebuleni tulikuwa watatu. Mama yangu, miaka 81, masikio yake yamechoka. Kifaa cha kumsaidia kusikia anacho, ila usiku hukivua kwa kuwa kinamkera, kwa hiyo televisheni anaitazama tu, haisikii. Akainama mbele kidogo, akauliza kwa ile sauti ya juu ya watu wasiosikia vizuri: "Huyu mtoto wamemfanya nini? Mbona analia?"

Nikamwambia amepigwa.

"Na nani?"

Na majirani.

"Kwani kafanya nini?"

Sikumjibu. Nilijifanya natafuta rimoti, ambayo ilikuwa mapajani kwangu.

Upande wa pili alikuwa mpwa wangu, ambaye mwezi ujao anatimiza miaka 17. Yeye alikuwa anacheka. Sasa, mtu aliyefanya kazi ya sauti hasikii kicheko kama wengine wanavyokisikia. Kicheko cha kweli huchelewa. Huchelewa kidogo tu: sikio lisikie, akili ishike, ndipo kifua kifunguke. Fundi anayeijua kazi yake habandiki kicheko pale pale neno linapoisha. Huacha nafasi ya nusu pumzi, la sivyo mtazamaji anahisi uongo hata kama hajui umetoka wapi. Kicheko cha mpwa wangu kilitangulia. Kilianza yule kijana alipofungua mlango tu, kabla askari hajafungua mdomo, na kilikuwa kikubwa kuliko chumba. Na macho yake hayakuwa kwenye televisheni. Yalikuwa kwangu, kisha kwa bibi yake, kisha kwangu tena, kuhakikisha tumemsikia.

Nakijua kicheko hicho. Nimekicheka tangu nilipokuwa na miaka 13.

Sitasema zaidi kuhusu kijana huyo. Sijui lolote, na sitamuuliza. Kuhusu mimi najua: ni mwanamume ninayependa wanaume, nina miaka 58, na sentensi hii ni mara ya kwanza naiandika mahali watu wanapoweza kuisoma. Shoga, kwa neno lenu. Nalo ni neno la ajabu. Wanawake huitana hivyo kwa mapenzi, "shoga yangu, umeadimika", na ukilisikia dirishani ujue kuna marafiki wamekutana. Likitoka kwenye kipindi chako linakuja na mluzi nyuma yake.

Huo mluzi nitaurudia.

Kwanza nikueleze kwa nini napigia kelele kicheko na si mswada. Mswada wameandika wengine. Kicheko ni kazi ya mikono yetu. Watu wengi hudhani kicheko cha kwenye vipindi ni cha watu waliokuwapo. Wakati mwingine ndivyo. Lakini tangu mwaka 1950, kipindi cha The Hank McCune Show huko Marekani kilipoonyeshwa na vicheko vya kurekodi bila mtazamaji hata mmoja ukumbini, dunia imejua kwamba kicheko kinaweza kubandikwa. Miaka hiyo ya 1950 akatokea mhandisi wa sauti, Charles Douglass, akatengeneza mashine yenye vitufe kama taipureta: kitufe hiki kicheko cha wanaume, kile cha mwanamke mmoja anayeshindwa kujizuia, na chini pedali ya mguu ya kurefusha au kufupisha. Mashine aliifunga kwa kufuli na hakupenda watu waone ndani yake kuna nini. Namwelewa. Na mimi nisingependa.

Kwetu haikuwa mashine, ilikuwa folda kwenye kompyuta. Nisingependa kukitaja kituo nilichofanyia kazi; tuseme si chako. Kila kicheko kilikuwa na jina: "kidogo", "cha wanawake", "cha kupasuka", "cha mwisho wa kipindi". Na kimoja kiliitwa "shoga anaingia". Sikukipa jina hilo mimi. Nilikikuta siku moja kimeshabadilishwa jina, na kuanzia hapo ikawa kanuni isiyoandikwa: mwanamume yeyote akitembea kwa kujipinda, akishika kiuno, akisema "jamani" kwa kuvuta, unabofya hicho. Mwandishi hakuhitaji kuandika mzaha wowote. Mtu alitosha kuingia.

Nilikibofya. Sijui mara ngapi, mamia. Mkono huu huu ninaoandikia. Kwa hiyo usidhani nimekuja kwako nikiwa nimevaa nyeupe.

Sasa sikia kicheko hicho kilitoka wapi. Nilikirekodi mimi mwenyewe, kwenye kipindi cha moja kwa moja chenye watu ukumbini. Mtoto mdogo, bado anatembea kwa kuyumba, alichoropoka toka kwa mama yake akapanda jukwaani, akasimama katikati ya taa, akamtazama mtangazaji, akageuka akatutazama wote, halafu akakaa chini kama mtu aliyefika kwake. Ukumbi mzima ulicheka. Kilikuwa kicheko kizuri kuliko vyote nilivyowahi kurekodi: hakina ncha, kinapanda polepole, na katikati yake kuna mtu mmoja anapiga mluzi wa kumshangilia mtoto. Nikakikata vizuri, nikakihifadhi. Nilijivunia. Baada ya mwaka kikawa "shoga anaingia".

Jumamosi iliyopita, Ndugu Mkurugenzi, kwenye sekunde ya 6 ya kilio cha yule kijana, nilisikia ule mluzi.

Nimeurudia sasa. Tunaweza kuendelea kusema kituo si chako, mimi sina ugomvi.

Najua jibu lako kwa sababu nimewahi kulitumia. "Ni mzaha tu. Watu wamechoka, wanataka kucheka, tusiwabane." Nami nakubali watu wamechoka. Lakini lipo jambo ambalo wanasaikolojia wamelichunguza, si hisia za mzee mmoja. Thomas Ford na Mark Ferguson waliandika mwaka 2004 kwamba mzaha wa kudharau kundi la watu haumgeuzi asiye na dharau akawa nayo. Unachofanya ni kumlegezea kamba aliyekuwa nayo tayari: anaona hapa dharau inaruhusiwa, hakuna atakayemkemea, basi anaitoa. Baadaye Ford na wenzake wakalinganisha makundi. Wenye chuki dhidi ya mashoga, wakishasoma mizaha juu ya mashoga, waliwabagua zaidi. Mizaha juu ya wabaguzi wa rangi haikuleta matokeo hayo, kwa kuwa kuwachukia wabaguzi kunaonekana halali hata bila mzaha. Kwa maneno mengine mzaha huuma pale ambapo jamii bado inajadiliana kama huyu ni mtu wa kuheshimiwa au la. Na hapo ndipo tulipo sisi. Shirika la Afya Duniani liliacha kutuorodhesha kama ugonjwa tarehe 17 Mei 1990. Nilikuwa mtu mzima tayari. Nilikwenda kulala mgonjwa nikaamka mzima, na hakuna aliyenipa pole wala hongera.

Kwa hiyo yule jirani wa kweli, si wa kwenye kipindi, ambaye anamwona kijana fulani mtaani kwake anatembea "vile", Jumamosi usiku ameonyeshwa mambo mawili: kwamba kijana wa namna hiyo akipigwa, polisi watamcheka, na kwamba nyumba nzima, mama na watoto, watacheka pamoja na polisi. Sisemi kipindi chako kitampiga mtu. Nasema umemtolea risiti anayetaka kumpiga.

Mtu asiniambie pia kwamba nataka sisi tusichekwe. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba ukilalamika unaonekana huna ucheshi. Tangu mwaka 1972 hadi 1985 Waingereza walikuwa na Bwana Humphries, muuza suti kwenye kipindi cha vichekesho cha Are You Being Served?, aliyeigizwa na John Inman. Wanaharakati wa haki za mashoga walilalamika kwamba ametiwa chumvi. Inman, ambaye naye alikuwa shoga, akajibu kwamba wapo watu wanaozidi hivyo barabarani. Bado sijui niko upande gani. Yule bwana ana jina, ana kazi anayoiweza, na mara nyingi yeye ndiye anayejua utani unakokwenda kabla ya wengine. Halafu mwaka 1998 Marekani ikaja Will & Grace, mashoga na mizaha kila dakika, mingine mikali, na mwaka 2012 Joe Biden, akiwa Makamu wa Rais, alisema kipindi hicho kiliwaelimisha Wamarekani kuliko karibu kitu kingine chochote. Kipindi cha vichekesho, tafadhali. Hawakuacha kucheka ili wafanye hivyo.

Na kwa upande mwingine yupo mchekeshaji wa Marekani, Eddie Murphy, ambaye mwaka 1983 alisimama jukwaani akatania mashoga na Ukimwi wakati vijana walikuwa wanakufa na hakuna dawa. Aliomba radhi mwaka 1996. Miaka 13. Mchekeshaji mwingine, Kevin Hart, mwaka 2018, aliona afadhali aache kuongoza sherehe za tuzo za filamu za Oscar kuliko kuomba radhi upya kwa mizaha ya zamani, na radhi akaiomba usiku ule ule alipojitoa. Nawataja ili ujue kwamba watu wenye vipaji kuliko mwandishi wako walifika mahali wakageuka nyuma wakaona aibu. Sikuombei aibu. Nakuombea muda mfupi kuliko miaka 13, maana mama yangu hana hiyo.

Ngoja nikupe mzaha mmoja wa bure, uone tofauti.

Niliishi na mtu miaka 19. Mungu amrehemu. Tulipanga chumba na sebule, na mwenye nyumba, mzee mdadisi, siku moja alipokuja kudai kodi alichungulia chumbani akaona kitanda kimoja. Akauliza: nyinyi watu wazima wawili, kitanda kimoja? Mwenzangu hakupepesa jicho. Akasema: "Cha pili kiko kwa fundi, mzee." Mwaka uliofuata mzee akauliza tena. "Fundi anasema anamalizia." Mwaka wa tatu: "Fundi kasafiri." Miaka 9, Ndugu Mkurugenzi. Kila mwaka mzee anauliza habari za kitanda, kila mwaka fundi ana jambo lake: kafiwa, mbao zimenyeshewa, mguu wa kitanda umetoka mfupi. Nilikuwa nakaa jikoni najifunga kitambaa mdomoni. Mwishowe nahisi mzee alielewa, maana siku tunahama alimshika mwenzangu mkono akamwambia: "Mwambie yule fundi wako, kazi nzuri haitaki haraka."

Hapo kuna shoga wawili, kuna kitanda, kuna mwenye nyumba. Kila mtu amechekwa kidogo na hakuna aliyelia. Mwandishi wako anaweza kuuchukua, simdai kitu.

Mwenzangu alipofariki, kwenye msiba nilitambulishwa kama rafiki wa kazini. Nilipewa dakika mbili za kusema neno. Nilitaka kuwasimulia habari za kitanda. Nilisema alikuwa mchapakazi.

Kazini nako sikusimulii yote. Wenzangu walikuwa wakimaliza kuandika sehemu ya "yule" wananiita mimi niisikilize kwanza, kwa sababu nilikuwa na sifa ya kucheka vizuri. "Mwite fundi, akicheka huyu imepita." Nami nilicheka. Nilitangulia kucheka, kama mpwa wangu. Nadhani ile ndiyo siri ambayo watu wa takwimu zenu za watazamaji hawawezi kuiona: sehemu ya vicheko mnavyovihesabu kuwa ushindi ni watu wanaojificha. Anayecheka kwa nguvu kuliko wote pale sebuleni huenda ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kutocheka. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Nilibofya kile kitufe miaka yote hiyo nikidhani nawauma watu nisiowajua, na Jumamosi kikarudi nyumbani kwangu, kikaketi kwenye kochi langu, kikanitazama usoni.

Kwa nini mnaendelea? Nakisia tu. Nahisi kwanza ni uvivu: siku ya kukabidhi mswada imefika, kuna ukurasa mmoja na nusu mtupu, muingize yule wa saluni, ukurasa umejaa. Nahisi pili ni wadhamini, ambao mnawaogopa kuliko wao wanavyowaogopa nyinyi. Pengine mwandishi wako ana woga wake mwenyewe, hilo nalisema kwa huruma, nimeshawahi kuwa yeye. Au pengine hakuna sababu yoyote na faili tu liko pale kwenye folda, mtu anabofya kwa sababu aliyemtangulia alibofya. Hilo la mwisho ndilo linalonitisha, kwa kuwa ndivyo nilivyofanya.

Sasa madai. Nilipoanza kuandika usiku wa Jumamosi nilikuwa nayo saba. Nilitaka kituo kiombe radhi hadharani. Nilitaka kamati. Nilitaka waandishi wenu wapewe semina, nilitaka mhusika yule aandikwe upya na mtu anayewajua watu wa namna yake, nilitaka ahadi kwa maandishi yenye muhuri. Jumapili asubuhi nikakumbuka kwamba kamati mliniahidi mwaka juzi, na kwamba ahadi yako ya "atabadilika" iko kwa fundi yule yule mwenye kitanda chetu. Nikayafuta moja moja. Radhi nikaifuta kwa sababu najua itaandikwaje: "kama kuna yeyote aliyekwazika". Sitaki kuwa "yeyote".

Jina nililiacha kwa muda. Mpeni jina. Ni herufi tano sita, haligharimu kitu, mwigizaji wenu ataigiza tofauti siku atakapojua anaitwa nani. Namsifu sana kijana yule, kwa njia. Chini ya kicheko, ukiwa na hedfoni nzuri, unasikia pumzi yake inavyokatika. Hakuwa anaigiza mzaha hata kidogo, alikuwa anaigiza mtu aliyepigwa. Mmefunika kazi yake bora. Lakini hata jina naona litawapeleka kwenye vikao, na vikao navijua.

Basi limebaki moja. Marudio ni Alhamisi. Kwenye dakika ya 14, sekunde ya 22 hadi ya 33, ondoeni kicheko. Kile cha swali la askari kiacheni, mzaha mbovu nao una haki ya kuishi. Ondoeni hicho kinachofuata tu. Msiongeze muziki wa huzuni, tafadhali, najua mtashawishika. Acheni chumba kiwe kimya na mtu alie. Watazamaji wote wapate kukiona alichokiona mama yangu, ambaye katika nyumba nzima ndiye pekee aliyekiona, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa hasikii.

Ni kazi ya dakika 5. Kicheko kikiwa kwenye njia yake ya sauti peke yake, na najua kiko peke yake, hata 5 hazifiki. Kama fundi wako hana nafasi nitakuja mwenyewe, nitaacha kitambulisho mlangoni, nitaondoka bila kusalimia mtu.

Na mkishakiondoa, msikirudishe kwenye folda. Nipeni. Kipo kwenye kumbukumbu zenu kwa jina lisilo lake. Kile ni kicheko cha mtoto aliyepanda jukwaani, na mtoto yule sasa ni mtu mzima mahali fulani, na watu walimcheka kwa sababu walifurahi kumwona. Nakiomba kirudi kwangu, na mluzi wake.

Alhamisi nitakuwa sebuleni. Mpwa wangu atakuwepo. Nitamwomba mama avae kifaa chake.

Wako,
Fundi sauti mstaafu
(Jina kamili liko kwenye barua tatu za mwanzo.)